Mto Ruvu: usilime mpaka kwenye maji

Wakulima wenzangu wa Mgeta na Mvuha, na nyie wa Mlandizi huko chini, leo tuuongelee huu mto maana kila mwaka ni yale yale. Ruvu unatoka milima ya Uluguru unaenda kumwaga baharini upande wa Bagamoyo, na njiani mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini inachota maji ya watu wa Pwani na Dar. Kwa hiyo tope la shamba lako linafika mbali, ila wa kwanza kuumia ni wewe.

Mvua ikinyesha chota maji ya mto kwenye chupa nyeupe, yaache yalale. Asubuhi cheki chini. Lile tope ndo udongo wa juu uliotupia samadi, na likituama mtoni ndo linaloziba mpira wa pampu yako kiangazi.

Sheria ya mazingira ya 2004 inataka uache mita 60 toka ukingoni. Wengi mnasema ni kubwa, sawa, lakini hapo ukingoni mafuriko yakija huvuni kitu, bora uache matete na mikuyu ishike udongo. Mikaratusi usipande hapo, inakunywa sana.

Shamba likiwa mteremko, weka kontua, yaani mistari inayokata mteremko kwa usawa mmoja. Chukua miti miwili sawa, funga juu, kata wa tatu uulaze katikati iwe kama herufi A, ning'iniza jiwe kwa kamba toka kileleni. Kamba ikigusa alama ya katikati ya ule mti uliolala basi miguu yote iko usawa mmoja, piga kigingi, sogea, endelea hivyohivyo mpaka mwisho wa shamba alafu kwenye huo mstari panda majani ya vetiva au mabingobingo, ng'ombe nao watakula. Najua wazee wa Uluguru wakisikia matuta wananuna, mkoloni aliwachongesha ngazi kwa shuruti mpaka 1955 wakagoma, na mi nawaelewa kabisa. Hii ya majani haichongi mlima.

Dawa ya kupulizia changanyia shambani, na bomba la mgongoni usilioshee mtoni, kuna mtu anachota ndoo hapo chini. Mwagilia jioni, tandaza nyasi. Na kama unavuta maji kwa pampu kumwagilia shamba, pita Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu pale Morogoro uombe kibali kabla kiangazi hakijakolea, sio mpaka wakukute na mpira mtoni.