Namna ya kumtafsiria mama filamu inayosimuliwa na mbwa

Kabla hujabonyeza chochote, mwambie nani anayeongea. Mimi nilisahau. Mama alikuwa amekuja kunitembelea hapa Kent, kusini kidogo ya Seattle, Marekani, mvua haikatiki siku ya nne, nikaona nimwekee filamu ya The Art of Racing in the Rain kwa kuwa kisa chenyewe ni cha huku huku Seattle. Dakika kumi nzima akawa anamtafuta mzee wa kiume aliyejificha mahali. "Huyu anayesema mbona haonekani?" Ni yule mbwa, mama. "Mbona hafungui mdomo?" Na kweli hafungui. Sauti ni ya mwigizaji Kevin Costner, nzito, ya mikwaruzo, na Enzo, ndiye mbwa mwenyewe, amejilaza kimya anakodoa macho tu. Tena sauti ni hiyo hiyo ya kizee hata Enzo akiwa bado mtoto wa mbwa, kwa hiyo usimlaumu mtu akichanganyikiwa. Sema hivi: hazungumzi na watu, anajisemea moyoni, ila sisi tunamsikia.

Halafu tafsiri kwa "mimi". Ukianza "anasema kwamba ana njaa", umeshageuka mtangazaji wa mpira. Sema "nina njaa" na uendelee.

Ukipata nafasi, soma kwanza riwaya ya Garth Stein ya mwaka 2008. Yote imeandikwa kwa kinywa cha Enzo, na filamu ya 2019 imempunguzia maneno mengi. Ukiwa umesoma, hata Costner akimeza neno unajua Enzo alitaka kusema nini. Utajua pia kilichobadilishwa. Kitabuni, Denny, dereva wa mbio za magari aliyemfuga Enzo, anashtakiwa kwa tuhuma za kumbaka binti wa miaka 15. Kwenye filamu kesi inatokana na purukushani na baba mkwe. Wapenzi wa kitabu wengine hawakupenda. Mimi nilishukuru Mungu, maana kumtafsiria mama mzazi mambo yale, kochi moja, ningeizima televisheni.

Usitafsiri kila kitu. Kwenye mbio nyamaza, injini zinajieleza. Sentensi moja tu usiiache: Denny anapofundisha kwamba gari huenda macho yanakoangalia. Hapo mama alinishika mkono. Marehemu baba alikuwa dereva wa lori, akipanda mlima Kitonga kule Iringa miaka mingi, na kumbe alikuwa akimwambia turnboi wake maneno hayo hayo: ukilitazama korongo, utaingia korongoni. Ilibidi nisimamishe filamu robo saa.

Kipande kigumu ni cha pundamilia. Eve, mke wa Denny, anaumwa, anaondoka nyumbani, na Enzo anabaki amefungiwa peke yake bila chakula. Ndipo pundamilia wa kitambaa, mwanasesere wa mtoto, anapoinuka. Kitabuni unaweza kujiambia ni ndoto ya njaa. Kwenye skrini unamwona kwa macho yako, na mama akavuta miguu juu ya kochi: "Shetani huyo." Usitoe mhadhara. Nilisema "njaa, mama," ikatosha.

Itafika pia habari ya Mongolia. Enzo ameona kwenye televisheni kwamba kule wanaamini mbwa aliyekamilika huzaliwa tena akiwa mtu. Nilitaka kuiruka, namjua mama na dini yake. Usiruke, kwa sababu ukiiondoa mwisho wa filamu hautaeleweka kabisa. Nikatafsiri kama ilivyo: "Mimi naamini nitarudi nikiwa mtu." Mama akacheka mpaka kanga ikamdondoka. "Mbwa naye ana madhehebu!"

Maandishi ya Kiingereza yawashe chini ya skrini kwa ajili yako. Chai iandae mapema, maana sehemu ya mwisho haina pa kusimama. Na Enzo anapozeeka, miguu ya nyuma inamkatalia, punguza sauti yako. Huyu ni mama aliyenifundisha tangu utotoni kwamba mbwa akikugusa unaoga. Mimi nilishindwa kutafsiri hapo, koo limekaza, nikageuka kumwomba radhi. Hakuwa ananisikiliza. Alikuwa ameinama mbele, anamjibu Enzo yeye mwenyewe: "Pole, baba. Inuka taratibu."