Soma mkia wa namba ya toleo kabla hujashusha programu mpya

Kompyuta ninazozihudumia hapa Moshi ni za steshenari za mjini na za AMCOS (vyama vya ushirika) za kahawa kule juu, na nyingi bado zina Debian 12, mfumo endeshi wa bure wa familia ya Linux. Wenyewe hulalamika: "Fundi, mbona programu zetu za kizamani? Mtandaoni wameshatoa mpya." Wengine hawasubiri jibu, wanashusha faili kwenye tovuti fulani na kulipandisha kwa nguvu. Wewe anza hivi:

sudo apt update
apt policy openssh-server

Hiyo openssh-server ni programu ya kuingilia kompyuta kutoka mbali, na apt ndiyo inayoleta vifurushi vya Debian. Tuseme imeandikwa 1:9.2p1-2+deb12u3. Ile 1: ya mbele ni ya kupanga mfuatano tu, achana nayo. 9.2p1 ni namba ya watu wa OpenSSH wenyewe, na wengi huishia kusoma hapo. Baada ya hapo ndipo Debian wanaanza kusema: -2 ni mara ya pili kuifunga 9.2p1 kuwa kifurushi, na deb12u3 ni rekebisho la tatu tangu Debian 12 itoke.

Julai 2024 lilitangazwa tundu la OpenSSH lililopewa jina regreSSHion. Wenye programu walitoa 9.8. Debian hawakuwapandisha watu wa toleo thabiti (lile la kazi za kila siku, wakati huo Debian 12) hadi 9.8, walichukua dawa ya tundu lile peke yake, wakaishonea kwenye 9.2 kama kiraka kwenye shati zima, wakatoa deb12u3. Mkaguzi mmoja alipopita kwenye AMCOS ninayoihudumia aliona 9.2, akaandika "hatarishi" kwa wino mwekundu. Mama mhasibu akanipigia, nikapanda, nikamfungulia hii:

apt changelog openssh-server

Humo kuna kila kilichoguswa, tarehe, na jina la aliyegusa. Tulishuka mpaka kwenye CVE-2024-6387, namba rasmi ya tundu la regreSSHion. "Kumbe imo, baba," akasema, akapiga picha kwa simu na kumrushia mkaguzi palepale.

Ingekuwa ya chini ya u3, mkaguzi angekuwa sahihi. Kwenye apt policy linganisha Installed (iliyopo kwenye mashine) na Candidate (inayopatikana kwa Debian). Ya kwanza ikiwa nyuma, sudo apt upgrade.

Kukaa nyuma kuna faida yake. Machi 2024 Andres Freund aliona ssh inachelewa kidogo, akafuatilia, akakuta mlango wa siri kwenye xz, programu ya kubana mafaili, matoleo mapya ya 5.6.0 na 5.6.1. Ulikuwa umeshaingia Debian ya majaribio, ila toleo thabiti halikuguswa. Lakini watunzaji si malaika: mwaka 2006 kiraka chao wenyewe kwenye OpenSSL, programu ya usimbaji fiche, kilifanya funguo ziweze kukisiwa, na habari haikutoka hadi Mei 2008. Kwa hiyo changelog naisoma hata kama hakuna mkaguzi.

Ukihitaji kipya kweli, mfano LibreOffice, usiende kwenye tovuti. Tumia backports, ghala la Debian la programu mpya zilizofungwa kwa toleo ulilonalo. Ongeza mstari huu kwenye /etc/apt/sources.list (bookworm ni jina la Debian 12; kwa Debian 13 andika trixie-backports):

deb http://deb.debian.org/debian bookworm-backports main

Halafu:

sudo apt update
sudo apt install -t bookworm-backports libreoffice

Kipya kitakuwa hicho na vile kinavyovitegemea, mengine yabaki yalivyo.

Sasa bando, maana hapo ndipo watu huacha kusasisha. Mashine moja iwekee apt-cacher-ng, inayohifadhi vifurushi vilivyoshushwa. Kwenye nyingine zote tengeneza faili /etc/apt/apt.conf.d/01proxy, ndani yake:

Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";

Badilisha anwani iwe ya mashine yako, na hakikisha sources.list inatumia http. Kifurushi kitashushwa mara moja, mashine zilizobaki zitachota humo ndani.

Ukikuta kasoro, tumia reportbug, programu ya kuripoti kasoro, iwafikie watunzaji wa Debian kwanza. Ukiwaandikia wenye programu moja kwa moja, mara nyingi watakwambia ujaribu toleo jipya ndipo urudi, na viraka vya Debian hawakuviweka wao.