Somo: Mkate wa kumimina

Mkate huu wa Unguja na Pemba, unaoliwa sana wakati wa futari, una vitu vichache mno, kwa hiyo kosa halina pa kujificha. Wengi huilaumu hamira. Mara nyingi tatizo ni usagaji.

Mahitaji (sufuria ya inchi 8)
Mchele usionata, kama basmati, vikombe 2
Tui zito kikombe 1 na robo
Hamira ya chenga kijiko cha chai 1
Sukari robo tatu kikombe
Hiliki ya kusaga nusu kijiko cha chai
Ute wa yai 1
Mafuta vijiko vya chakula 2

Namna ya kupika

1. Osha mchele, uroweke usiku kucha. Punje iliyoiva kwa maji huvunjika ukiibana kwa kucha. Chuja maji yote. Yanayobaki ndiyo yanayoharibu kipimo cha tui.

2. Saga mchele na tui peke yake kwanza. Simamisha blenda kila baada ya muda, kwangua pembeni, endelea. Chukua tone, lisugue kati ya vidole viwili: ukihisi chenga, bado. Chenga huzama chini, mkate ukatoka na tabaka gumu kitakoni na tundu chache juu. Hamira na hiliki tia mwisho, blenda ikishapoa, kwani usagaji mrefu hupasha rojo moto na moto huua hamira.

3. Funika, weka mahali pa joto dakika 45 hivi, mpaka juu pajae mapovu.

4. Tia sukari na ute, koroga taratibu kwa mwiko. Sukari ikiyeyuka rojo hulegea, ndiyo maana kabla ya hapo lazima liwe zito. Acha dakika 10.

5. Pasha mafuta kwenye sufuria, yazungushe mpaka pembeni, mimina rojo, kisha punguza moto. Usifunike. Tundu zikitokeza juu na kingo zikikauka, hamishia moto wa juu: ovena, au mfuniko bapa wenye makaa mengi, chini ukiacha machache. Ukiwa rangi ya dhahabu, choma kijiti katikati. Kikitoka kikavu, epua. Ngoja upoe ndipo uutoe.

Maswali ya wanachama

*Asalaam alaikum dada. Wangu unaiva juu na chini, katikati unabaki kama uji.*
Waalaikum salaam mpenzi. Umeupeleka moto wa juu kabla ya tundu kutokeza, au rojo lilikuwa jepesi. Likimiminwa linapaswa kushuka kama utepe mzito, si kutiririka.

*Naweza kutumia unga wa mchele wa dukani?*
Unaweza, ukiuroweka kwenye tui saa kadhaa, lakini hautakuwa na ulaini uleule. Mimi siushauri.

*Tui la kopo je?*
Linafaa. Zito sana lipunguze: robo tatu ya kikombe kwa nusu kikombe cha maji vuguvugu. La nazi ya kukuna tumia kasimile, yaani tui zito la kwanza, na likiwa la moto liache lipoe kwanza.

*Unatoka na uchachu, shida nini?*
Umeumuka kupita kiasi. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa angalia rojo tangu dakika ya 30, na hamira punguza iwe nusu kijiko.