Chimba Shimo Kabla ya Kununua Mbolea

Udongo unaoulima leo ulitokana na jiwe. Joto na baridi vililipasua, maji ya mvua yenye tindikali hafifu yakayeyusha madini yake, kisha mizizi na vijidudu vikaendelea na kazi hiyo. Sentimita moja ya udongo huweza kuchukua mamia ya miaka kutengenezwa. Jiwe hilo huitwa mwamba mama, na kwa kiasi kikubwa ndilo linaloamua kama shamba litashika maji, litakuwa na virutubisho gani na litadai mbolea ya namna gani. Ukimjua mama, utapunguza sana kubahatisha.

Anza kwa kuchimba shimo lenye kina cha mita 1 hivi, na upande mmoja uchongwe wima ili mwanga uufikie. Udongo wa kichanga huporomoka upesi, kwa hiyo huko ishia nusu mita, na shimo lolote lifukiwe ukishamaliza, maana watoto na mifugo hutumbukia. Kama nyumbani kuna mwanafunzi anayesoma jiografia, mwite ashuhudie. Atayaona tabaka anayoyachora daftarini: juu udongo mweusi wenye mboji, chini yake udongo mgumu zaidi wenye rangi iliyokolea, halafu vipande vya mawe yaliyolainika, na pengine mwamba wenyewe.

Angalia mizizi inapokomea. Ikiwa yote inapinda kwenda pembeni kwenye kina kimoja, kuna tabaka gumu, mara nyingi lililotokana na kulima kina kilekile kila msimu, na hapo ni kulivunja kwanza. Ukiona madoa ya kijivu yaliyochanganyika na ya rangi ya kutu, maji husimama hapo kwa muda mrefu. Shamba la namna hiyo lipate mitaro au matuta kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu mizizi isiyopata hewa haiwezi kutumia mbolea hata ukiimwaga kwa wingi.

Sasa okota mawe ya hapohapo. Itale hutambulika kwa chembe kubwa zinazong'aa. Ndani yake mna kwatzi, madini magumu yasiyoyeyuka kwa urahisi, ambayo hubaki kuwa mchanga. Udongo wake ni mwepesi kulima, lakini mvua huishusha nitrojeni chini ya mizizi. Gawa mbolea ya kukuzia mara mbili au tatu badala ya kuiweka yote kwa mkupuo, na usikose samadi. Basalti ni jiwe la volkeno, jeusi, zito, chembe zake hazionekani kwa macho. Lina chuma, kalsiamu na magnesiamu nyingi, na huzaa udongo wa mfinyanzi wenye rutuba. Ila mahali ambapo mvua imenyesha sana kwa maelfu ya miaka, udongo huo huwa mwekundu, na chuma na alumini yake huikamata fosforasi mmea usiipate. Hapo mbolea ya fosforasi isitawanywe juu. Iweke kwenye shimo la kupandia, karibu na mbegu lakini isiiguse.

Jiwe la chokaa lina kipimo chepesi: lidondoshee siki. Likitoa povu, kuna kalsiamu kabonati. Pale pH (kipimo cha tindikali ya udongo: chini ya 7 una tindikali, juu ya 7 una alkali) inapopita 7.5, chuma na zinki huwa adimu kwa mmea, na majani machanga hugeuka njano huku mishipa ikibaki ya kijani. Kuongeza chokaa hapo ni kumzidishia mgonjwa ugonjwa.

Tahadhari moja: bondeni na kando ya mito udongo umesafirishwa na maji kutoka mbali, hivyo jiwe la mlimani halikuambii mengi. Huko tegemea chupa. Jaza udongo hadi theluthi moja, ongeza maji na sabuni kidogo, tikisa kwa nguvu, kisha iache itulie. Mchanga hutua ndani ya dakika moja hivi, tope laini kwa saa kadhaa, na mfinyanzi, ambao chembe zake ni ndogo kuliko milimita 0.002, huweza kuchukua siku nzima au zaidi. Unene wa kila tabaka utakuonyesha una udongo wa aina gani.

Macho hayapimi pH, kwa hiyo peleka sampuli maabara. Chota sehemu nyingi za shamba, kina cha sentimita 20, uchanganye, lakini usichanganye udongo wa mteremko na wa bondeni. Ikiwa pH iko chini ya 5.5, alumini huanza kuyeyuka na kudhuru mizizi. Weka chokaa ya kilimo kwa kiasi kilichoshauriwa, ichanganye na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda. Usiichanganye na samadi mbichi wala mbolea ya amonia siku hiyohiyo, kwani nitrojeni itapotea hewani.