Nani huyu anayesema "mimi"? Kujiuliza na kujisalimisha kwa mtu mwenye kazi na familia

Anza na hasira. Sitanii. Watu wengi wakisikia habari za kutafuta mwanga wa kiroho hukimbilia mkeka, ubani na chumba chenye giza. Mimi nakwambia subiri mtu akutukane. Dakika ile damu inapochemka ndipo huyu "mimi" anapotoka nje, kifua mbele, na hapo unaweza kumtazama vizuri kuliko saa nzima ya kukaa umefumba macho.

Njia ninayoieleza haikutoka kichwani kwangu. Ni ya Ramana Maharshi, Mtamil wa kusini mwa India, aliyezaliwa Tiruchuli mwaka 1879 na kufariki 1950. Mimi ni mstaafu, zamani mhudumu wa mabehewa kwenye Reli ya Kati, sasa naishi Morogoro, na Jumamosi asubuhi utanikuta kwenye jumuiya ndogondogo na wenzangu Wakatoliki. Najua swali lako: Mkatoliki na mtawa wa Kihindu wapi na wapi? Nitalifikia.

Kwanza kisa chake, kwa sababu zoezi lote limo humo. Julai 1896 alikuwa kijana wa miaka 16, anaitwa Venkataraman, anaishi Madurai kwa ndugu ya baba yake. Siku moja, akiwa peke yake na hana ugonjwa wowote, akapatwa na hofu kali kwamba anakufa. Hakupiga kelele wala kumwita mtu. Alilala chali, akanyoosha viungo, akabana pumzi, akafumba midomo, akajifanya maiti kabisa. Kisha akajiuliza: mwili huu wakiubeba wakauchome, mimi nitakuwa nimekufa? Akaona kwamba mwili umelala kimya, na bado yupo anayejua kwamba umelala kimya. Hofu ikamtoka. Tarehe 1 Septemba mwaka huohuo alifika Tiruvannamalai, chini ya mlima Arunachala, na hakuuacha mlima huo mpaka alipofariki.

Miaka michache baadaye alimjia mfanyakazi wa idara ya mapato aliyeitwa Sivaprakasam Pillai, na maswali yake. Ramana wakati huo alikuwa hasemi, hivyo akamjibu kwa maandishi. Majibu hayo ndiyo yaliyozaa kijitabu cha "Nan Yar?", yaani "Mimi ni nani?". Ni kurasa chache tu.

Namna ya kujiuliza

Kaa popote. Kiti kinatosha, mgongo uwe wima kiasi cha kukuzuia kusinzia. Mimi hukaa alfajiri, baada ya adhana ya msikiti wa jirani na kabla watu hawajafungulia redio. Robo saa inatosha kwa anayeanza.

Usiyafukuze mawazo. Wazo likija, tuseme bei ya sukari, au yule kijana aliyekopa na sasa anakata kona akikuona, usilifuate. Jiulize taratibu: wazo hili limemjia nani? Utaona jibu linakuja bila kutafutwa: limenijia mimi. Sasa mgeukie huyo mimi. Ni nani? Anachomoza wapi? Ukishauliza, nyamaza utazame.

Usijibu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanauliza "mimi ni nani" na papo hapo wanajijibu: mimi ni roho, mimi ni mwana wa Mungu, mimi ni nuru. Majibu mazuri, lakini kila moja ni wazo jingine, na kila wazo lina mwenyewe aliyejiwa nalo. Muulizie huyo. Wengine wanalifanya swali lenyewe kuwa uradi, "mimi ni nani, mimi ni nani", mara mia kwa tasbihi. Ramana alisema wazi kwamba swali hili si la kukaririwa. Linaulizwa ili akili igeuke nyuma kumtazama mwenyewe, na ikishageuka maneno hayana kazi tena.

Utakutana na nini huko? Mwanzoni, kitu kidogo sana ambacho ungeweza kukipita: hali ya kujua kwamba upo. Kabla ya jina lako, kabla ya kabila, kabla ya kuwa baba wa fulani, upo na unajua upo. Kaa hapo. Itadumu sekunde chache kisha bei ya sukari itarudi. Uliza tena imemjia nani, urudi ulikotoka. Anayerudi mara arobaini katika robo saa amefanya kazi kuliko aliyekaa kimya akiwa nusu usingizini.

Na huo usingizi usiuchezee. Kuna utulivu mtamu unaowapata watu wakikaa kwa muda mrefu, wanadhani wamefika. Ramana alikuwa na hadithi yake. Mtu mmoja mwenye kujinyima alikuwa kando ya mto Ganga, akamtuma mwanafunzi wake maji ya kunywa. Kabla maji hayajaletwa akazama katika utulivu wa ajabu, ikapita miaka na miaka. Alipozinduka, neno la kwanza kinywani mwake: yako wapi maji yangu? Kiu ilikuwa palepale alipoiacha. Kwa hiyo ukihisi ukimya umetanda, usilale ndani yake. Uliza: nani anayeuonja ukimya huu? Usingizi ukikuzidi, simama, nawa uso, tembea uani huku unaendelea kuuliza.

Akili ikikataa kabisa kutulia, isikilize pumzi yako inavyoingia na kutoka, bila kuivuta kwa nguvu. Ramana aliruhusu hilo kama msaada. Ila pumzi ni breki tu ya muda; ukishatulia, rudi kwenye swali.

Sasa ile hasira niliyoanza nayo. Usiku mmoja tumeiacha Kilosa, abiria wa daraja la pili akanipigia kelele kwenye ujia wa behewa kwamba nimemwibia simu. Milango ikafunguka yote, watu wakatoa vichwa. Masikio yangu yakawaka moto. Nikajiuliza palepale, nimesimama na mashuka mkononi: nani ameitwa mwizi? Sare hii? Jina kwenye beji? Huu moyo unaodunda? Sare naiona. Beji naiona. Mdundo nausikia. Huyu anayeviona vyote mbona hajaguswa? Hasira haikuisha, nisikudanganye, ila ilikosa pa kukaa. Nikamwambia yule bwana, twende tukatafute pamoja. Simu ilikuwa chini ya mto wake.

Zoezi la namna hiyo halichukui hata nusu dakika, na siku moja inakupa nafasi nyingi: foleni ya benki, kondakta aliyegoma kukurudishia chenji, mkwe aliyenuna. Kusifiwa pia ni nafasi, tena ngumu zaidi, kwa sababu nani anataka kumchunguza mtu anayesifiwa?

Kujisalimisha

Ramana alisema njia ni mbili: ama umtafute huyu mimi mpaka umjue alikotoka, ama umkabidhi kwa Mungu. Wasomaji wengi watachagua ya pili wakidhani ni nyepesi.

Katika kile kijitabu upo mfano unaonihusu mimi kuliko watu wengi. Anasema treni inabeba mizigo yote. Sasa wewe abiria uliyekwisha kupanda, kwa nini uuweke mzigo wako kichwani na kujitesa, badala ya kuuweka chini ukastarehe? Ndugu yangu, watu hao nimewahudumia. Mama mmoja alipanda Tabora na dumu la asali, akalipakata. Nikamwambia, mama, weka chini ya kiti, halitamwagika, mfuniko nimeukaza mwenyewe. Akakataa. Manyoni usiku wa manane bado amelikumbatia, miguu imekufa ganzi, hajalala, hajala. Treni ilikuwa inambeba yeye na dumu lake tangu Tabora, na uzito ule kwenye mapaja haukuifikisha asali Dodoma mapema hata kwa dakika moja.

Kwa vitendo, fanya hivi. Chukua jambo moja linalokukosesha usingizi. Moja tu. Jiulize mkono wangu unaweza kufanya nini hapa, na ukifanye. Kinachobaki, yaani matokeo, mkabidhi Mungu kwa sentensi moja ya kwako mwenyewe, si ya kukariri. Akili itarudi kulichokoa, itarudi mara nyingi. Usibishane nayo. Ikumbushe kwamba jambo hili lina mwenyewe, kisha uendelee na ulilokuwa unafanya.

Jipime hivi: kama umeshamwambia Mungu matokeo unayoyataka, na tarehe, basi hujakabidhi, umeagiza. Mimi huwaambia wenzangu wa jumuiya, tunasali "utakalo lifanyike" halafu tunaambatanisha orodha.

Mafao yangu ya uzeeni yalikwama. Barua moja ya kituo cha kwanza nilichoanzia kazi haikuonekana kwenye faili, na karani kila mara ananiambia njoo wiki ijayo. Kujisalimisha hakukuwa kukaa nyumbani. Nilikwenda, nikaandika barua nyingine, nikatafuta mashahidi niliofanya nao kazi, nikaenda tena. Nilichokiweka chini ni ule ugomvi wa saa nane za usiku, nipo kitandani nambishia karani ambaye wakati huo amelala kwake anakoroma. Ugomvi ule ukirudi, nauliza: nani anayegombana? Unaona hapo njia mbili zimekutana. Aliyekabidhi kweli hana tena "mimi" wa kumlinda. Aliyemtafuta "mimi" kweli hakuti mtu wa kubeba mzigo.

Usitarajie kukabidhi yote kwa mpigo. Ramana mwenyewe alikubali kwamba kujisalimisha kikamilifu hakuwezekani mwanzoni, ila kwa sehemu kila mtu anaweza, na sehemu hiyo inakua. Yeye alionyesha kwa mwili wake. Mwaka 1924 majambazi walivamia ashramu, yaani makao yake na wanafunzi wake, usiku wakampiga pajani. Aliwazuia vijana wake wasilipize. Mwishoni mwa maisha uvimbe wa saratani ulimtoka mkono wa kushoto. Aliwaacha madaktari wampasue, tena na tena. Wanafunzi walipolia kwamba anawaacha, aliwauliza angeenda wapi. Nakitaja kisa hiki kwa ajili ya wale wanaoacha dawa za presha kwa jina la imani. Kunywa dawa.

Maswali ninayoulizwa

Dini je? Ramana hakumtaka mtu abadili dini. Wakristo walipomjia aliwarudisha kwenye Biblia yao, na alipenda sana mistari miwili: "MIMI NIKO AMBAYE NIKO" ya kitabu cha Kutoka, na "Acheni, mjue ya kuwa Mimi ni Mungu" ya Zaburi ya 46. Isome hiyo ya pili polepole: acheni, kisha mjue. Rafiki yangu mmoja Mwislamu wa Kigoma nilipomweleza habari za kukabidhi akacheka, akasema tawakuli alifundishwa madrasa kabla hajaota meno ya ukubwani.

Je, niache kazi na familia? Hapana. Watu walimwendea Ramana wakitaka ruhusa ya kukimbilia msituni, na mara nyingi aliwarudisha nyumbani, kwa sababu huyo mimi wangeenda naye hukohuko msituni.

Nikiona mianga au kusikia sauti? Uliza nani anayeona, usonge mbele. Lakini kama sauti zinakuamrisha, au hulali usiku kucha, au unawaza kujidhuru, acha zoezi hili kabisa na uende hospitali. Na ukikutana na mwalimu anayekuuzia mwanga kwa kiingilio, shika mfuko wako. Aliyekaa chini ya Arunachala hakutoza mtu.

Wanaotaka kufika Tiruvannamalai wenyewe: Watanzania wengi tunafika Chennai, mji wa India, kwa matibabu, na kutoka hapo ni mwendo wa basi wa kama saa nne au tano. Mimi nilikwenda mke wangu alipokuwa anapata nafuu baada ya upasuaji, binti yetu akabaki naye. Ukitaka kulala ashramu, andika mapema kuomba nafasi. Chakula unakula umekaa sakafuni, mkono wa kulia, na pilipili yao si ya mchezo. Kuuzunguka mlima kwa miguu ni kama kilomita 14, na desturi ni kwenda peku. Epuka usiku wa mwezi mpevu, umati unakuwa mkubwa mno kwa mtu anayetaka kutulia. Anza saa kumi alfajiri, na chupa ya maji, maana ikifika saa nne asubuhi lami ya kule inaunguza nyayo.