Mbuzi mdogo mgeni nyumbani: ana woga au anaumwa?

Kabla ya kununua mbuzi, nunua kipimajoto. Hiki cha kawaida cha duka la dawa kinatosha, ila kikishatumika kwa mbuzi kitie alama, kisirudi kabatini mwa watu. Joto la mbuzi mzima mwenye afya huwa kati ya nyuzi 38.5 na 39.7 hivi, na wadogo huweza kupanda kidogo zaidi, hasa jua likiwa kali. Kwa hiyo usimguse masikio ukatangaza ana homa. Mpime asubuhi kabla jua halijachoma, kwa njia ya haja kubwa, kipimajoto ukiwa umekipaka mafuta. Fanya hivyo tangu siku anafika, akiwa bado mzima, na uandike. Siku ukimtilia shaka utakuwa na cha kulinganisha.

Muuzaji muulize umri wake, kama alinyonya dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, mara tu baada ya kuzaliwa, kama ameachishwa maziwa, amepewa lini dawa ya minyoo, amechanjwa nini. Akikujibu "huyu hana shida" kwa kila swali, nenda kwa mwingine.

Nunua wawili. Mbuzi wa peke yake hulia kutwa, na mwenye nyumba anadhani ni tumbo, kumbe ni upweke.

Umri nao una maneno yake. Mwanambuzi wa siku chache hujificha kwa asili: mama anakwenda malishoni, yeye analala kimya kwenye kichaka mpaka arudi. Ukimkuta amejikunja nyuma ya gunia usikimbilie sindano. Mnyanyue, mtie kidole safi mdomoni. Kama mdomo una joto na anakinyonya kidole kwa nguvu, mrudishe alipokuwa. Kama mdomo ni wa baridi na ulimi umelegea, hiyo ni hatari, na usimpe maziwa bado. Mpashe joto kwanza, kwa sababu tumbo la mtoto aliyepoa halisagi, na maziwa yanaweza hata kumwingia mapafuni. Wa miezi miwili akijificha kutwa nzima, hiyo habari ni nyingine kabisa.

Ukitaka kujua kama mgeni wako ana woga tu, mtazame akiwa hakuoni. Kaa dirishani, chungulia kwenye upenyo wa banda. Mbele ya mtu asiyemzoea hata mbuzi mzima hugoma kula, hivyo ukimsimamia hutajua chochote. Mwoga akibaki peke yake huinua kichwa, huzungusha masikio kila kunapolia kitu, kisha huenda kwenye majani. Akiamka hujinyoosha. Kinyesi chake ni vidonge vikavu. Akifikisha kama miezi miwili utamwona anacheua akiwa amelala, na mbuzi anayecheua kwa raha kwa kawaida hana jambo kubwa.

Sasa suala la upole, na hapa nitakaa, maana ndilo lililotia watu hasara mtaani kwetu. Jirani yangu alinunua jike mdogo mnadani, awe wa watoto kuchezea. Siku za mwanzo alikuwa kama mwizi: mtu akitokea uani, huyo nyuma ya pipa, na jani haligusi mpaka mkono uondoke. Watoto wakanuna. Kisha ghafla akabadilika. Ukimwendea hakimbii. Wakambeba, wakamfunga kitenge, wakampiga picha, na kila mgeni akawasifu kwamba kazoea haraka. Mama mtu akaeleza kuwa wa mnadani ndivyo walivyo, ukali wao ni wa siku mbili tatu.

Hakuna aliyeuliza kama anakula. Majani aliyowekewa asubuhi yalikuwa yanachakuliwa na kuku. Masikio yameanguka pembeni, manyoya ya mgongoni yamesimama, mkia umelala, na akishushwa chini anabaki palepale aliposhushwa. Watoto wakaona ndiyo adabu. Kesho yake macho yakaanza tongotongo, pua ikafuata, vidonda mdomoni, mwisho kuhara. Bwana mifugo alipofika alisema dalili zote ni za sotoka ya mbuzi na kondoo. Yule mdogo akafa, na kwa kuwa alishachanganywa na mbuzi wa bibi yao, msiba haukuishia kwake.

Sotoka hiyo haiambukizi watu, lakini kwa mbuzi ni balaa. Kenya iliibukia Turkana mwaka 2006, Tanzania ikathibitishwa upande wa Ngorongoro mwaka 2008. Mara nyingi dalili huchukua siku nne hadi sita tangu mnyama aambukizwe, ndiyo maana anaweza kutoka mnadani akirukaruka akaja kuangukia kwako. Dawa ya kuua kirusi chenyewe hakuna. Chanjo ipo, na humkinga kwa miaka isiyopungua mitatu. Mgeni yeyote akae banda lake, ndoo yake, wiki tatu, hata kama bibi analalamika kwamba unamtesa mtoto wa mbuzi.

Woga wa kweli hupungua kidogo kidogo. Leo anasimama mbali, kesho anasogea akarudi nyuma, keshokutwa anavuta jani mkononi mwako huku miguu ya nyuma iko tayari kukimbia. Ukiona woga umekwisha kwa usiku mmoja, na chakula kimebaki, toa kipimajoto kabla ya simu ya kupigia picha.

Mfunue na kope ya chini. Ndani panatakiwa pawe pekundu au pawe na waridi iliyokolea. Pakiwa peupe, mara nyingi minyoo inayonyonya damu imemmaliza. Afrika Kusini walitengeneza hata kadi ya rangi ya kulinganishia kope, iitwayo FAMACHA. Uvimbe laini chini ya taya mara nyingi unatokana na minyoo hiyohiyo. Mbuzi wa hivyo huonekana mtulivu sana kwa sababu hana damu ya kumkimbiza.

Tumbo la kushoto likivimba na kugonga kama ngoma, huku anasaga meno, usingoje asubuhi.

Majani ya mparachichi ni sumu kwa mbuzi, na majani na maganda mabichi ya muhogo yanaweza kumuua. Watoto waambiwe mapema, maana wao ndio hukata tawi lolote wakimbembeleza aje.

Duka la dawa za mifugo usiende kuomba "dawa ya mbuzi aliyezubaa". Nenda na umri, joto, uzito, na kinyesi kwenye kifuko. Uzito ni rahisi: panda mizani umembeba, kisha upande peke yako, utoe. Dawa iliyobaki ya mtoto wa binadamu iache kabatini. Namba ya bwana mifugo itafute kabla ya mbuzi kufika, pamoja na ya mtu wa pili anayepokea simu Jumapili.

Akiwa na vidonda vya magamba midomoni, watoto wasimbusu wala kumshika bila kunawa, kwani upo ugonjwa wa hivyo unaohamia kwenye vidole vya watu. Usiku mvue kamba shingoni. Mifuko ya plastiki iokoteni uani, hula. Na mbwa wa jirani mjueni ni yupi.