Jinsi ya kuanza muvi ya taharuki kwa simu, hapahapa kwenye vichochoro vya Lamu

Klipu nyingi za thrila za vijana wa hapa kisiwani zinaanza vilevile: mtu anakimbia kichochoroni anahema, muziki juu, halafu jamaa amefunika uso anatokea ghafla. Unashtuka ndio, lakini mshtuko unaisha palepale na hujui umuogopee nani. Taharuki ni kitu kingine kabisa, ni mtazamaji kujua jambo ambalo mhusika mwenyewe halijui, na kazi ya mwanzo wa muvi ni kumpa hilo jambo mapema halafu umcheleweshe. Hitchcock, mwongozaji maarufu wa filamu za taharuki, alipohojiwa na mwongozaji mwenzake Truffaut mwaka 1962 alilieleza kwa bomu lililo chini ya meza: likilipuka bila watazamaji kujua, umewapa mshtuko wa sekunde 15, lakini wakiliona kwanza na walioketi mezani wanaendelea na gumzo lao tu, umewapa dakika 15 za taharuki.

Tushike mfano mmoja: mzee na punda wake anatoka forodhani kuingia mitaani, na ndani ya shogi, yaani makapu ya mzigo mgongoni mwa punda, kuna furushi asilolijua.

Hatua ya 1. Onyesha furushi, usilifiche. Simu iwe karibu kabisa, mkono unalisukuma chini ya magunia, kamba inavutwa, basi. Iache shoti hiyo sekunde tano hivi, manake mtu akipepesa macho akaikosa muvi yako yote imekufa. Uso wa mwenye mkono usiuonyeshe. Mtazamaji anajua nini, hajui nani.

Hatua ya 2. Weka saa. Mwenye mkono anasema kwenye simu, "Ikiadhiniwa magharibi iwe ishafika." Sentensi moja inatosha. Kuanzia hapo kila kivuli kikirefuka ukutani mtu anahesabu mwenyewe. Na adhana yenyewe ikifika usiiwekee muziki, kwanza ni adabu, pili muziki ukinyamaza ghafla pale moyo wa mtu unapanda zaidi.

Hatua ya 3, na hapa ndipo penye kazi. Chelewesha, lakini kwa mambo ya kawaida kabisa. Tazama filamu ya Touch of Evil ya mwongozaji Orson Welles ya 1958: bomu linategwa saa na kutiwa kwenye buti ya gari, halafu shoti hiyohiyo moja inaenda zaidi ya dakika tatu bila kukatwa, gari linapotea nyuma ya majumba, linarudi, linasimama kupisha watu, linafika kizuizini mpakani na mwanamke aliye ndani analalamika kuna mlio wa tik tik kichwani mwake na hakuna anayemjali. Aliyetega bomu akishatoroka hakuna anayekimbia hata mmoja, wewe ndiye unayetaka kupiga kelele.

Sasa sisi hapa tuna kitu ambacho Welles hakuwa nacho, vichochoro ambavyo punda mwenye mzigo akipita lazima ujibanze ukutani. Kwa hiyo mzee anakutana na jirani, "Ami, watoka wapi?" wanasalimiana, wanaulizana habari za nyumbani, na wakati huo mtoto aliyebanwa ukutani bega lake linagusa shogi. Halafu tena. Usikate, kaa na mzee, tembea nyuma yake, mara punda akunje kona asionekane kidogo ukiacha kichochoro kitupu, mara umuone tena. Huo utupu ni dhahabu.

Hatua ya 4. Sauti. Hapa mtaani hatuna kelele za magari, tumia hiyo. Rekodi kwato kando kwa simu ya pili, peke yake, ndani ya kichochoro chenye kuta ndefu maana huko zinarudisha mwangwi vizuri, ukifika kwenye edita, programu ya kuhariri, zipandishe kidogokidogo kadiri magharibi inavyokaribia. Ufukweni upepo na mashine za boti zitakuharibia, kwa upepo funika maiki kwa sponji.

Mambo ya simu kwa haraka: piga fremu 25 kwa sekunde na shata (muda kila fremu inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde, umeme wetu ni hezi 50 kwa hiyo taa za madukani hazitapepesa. Kidole kishikilie skrini palipo na mwangaza mkali mpaka mwanga ufungike, la sivyo ukitoka kichochoroni kuingia uwanja wa Mkunguni picha itageuka nyeupe ghafla. Na tafadhali ombeni ruhusa kabla kwa wenye madaka, vile vibaraza vya milangoni, akina mama wakipita shusha simu chini, mtaa ni wao.

Hatua ya 5. Pa kukatia. Adhana inaanza, mzee anasimamisha punda, mtoto yule amewafuata na sasa anatia mkono shogini. Kata hapo, skrini nyeusi, jina la muvi. Kilichomo usikionyeshe bado.

Kabla hujaipakia mwonyeshe mtu ambaye hakuwepo mkipiga, usimweleze chochote, mtazame uso wake badala ya skrini. Akianza kumwambia mzee "angalia shogi wewe!" iko sawa. Akiuliza kwani kuna nini, rudi hatua ya kwanza, shoti ya mkono iongeze sekunde mbili au uipige upya ukiwa karibu zaidi.